Mkaguzi Kwanza, Shangwe Baadaye: Somo kutoka Historia ya Magari ya Jua

Historia ya mashindano ya magari yanayoendeshwa kwa nishati ya jua husimuliwa kwa kutaja washindi: nani alifika wa kwanza, kwa mwendo gani, katika mwaka gani. Katika makala haya nataka kuitazama kutoka upande mwingine. Nataka kuzitazama zile siku chache kabla ya mbio, wakati timu ya wanafunzi inapolisukuma gari lake mbele ya mkaguzi asiyeijua, kisha ikasubiri kuambiwa kama imefuzu au la. Hoja yangu ni kwamba elimu kubwa kuliko zote katika mashindano hayo hupatikana katika siku hizo, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumeazima shangwe za ubunifu tukasahau kuazima ukaguzi wake.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwishoni mwa 1982, Hans Tholstrup, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Australia, pamoja na dereva wa magari ya mbio Larry Perkins, waliondoka Perth wakiwa na gari dogo la jua lililoitwa Quiet Achiever. Walifika Sydney mwanzoni mwa Januari 1983, baada ya takribani siku 20 na zaidi ya kilomita 4,000. Tholstrup hakuridhika na safari ya mtu mmoja. Alitaka wengine washindane, na mwaka 1987 yakafanyika mashindano ya kwanza ya World Solar Challenge, kutoka Darwin kaskazini mwa Australia hadi Adelaide kusini, umbali wa takribani kilomita 3,000.

Mshindi wa mwaka ule alikuwa Sunraycer, gari la kampuni ya General Motors, lililokwenda kwa wastani wa kilomita 66.9 kwa saa. Wa pili walikuwa Ford wa Australia. Wa tatu hawakuwa kampuni, bali shule ya uhandisi ya mji wa Biel nchini Uswisi. Mashindano yaliporudiwa mwaka 1990, Biel walishika nafasi ya kwanza na kuiacha Honda nyuma yao. Mwaka huohuo General Motors iliandaa mashindano ya vyuo vikuu nchini Marekani, kutoka Florida hadi Michigan, ambamo vilishiriki vyuo 32 na Chuo Kikuu cha Michigan kikashinda. Tangu hapo gari la jua limekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya wanafunzi.

Ili tuelewe uzito wa kazi hiyo, tupige hesabu ndogo. Jua kali la mchana hutoa takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri ya silikoni hugeuza karibu robo tu ya nguvu hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo gari lenye paneli za mita za mraba 4 hupata chini ya kilowati 1, nguvu inayokaribiana na ile ya pasi ya umeme. Kwa nguvu ya pasi, wanafunzi wanatakiwa kumbeba mtu na kuvuka bara. Ndiyo maana kila gramu hupimwa, kila mkunjo wa bodi huchunguzwa jinsi unavyokata upepo, na mota, betri na matairi huchaguliwa kwa ubahili wa mtu anayehesabu senti zake za mwisho.

Hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Anayetafuta wepesi anaweza kupunguza chuma kinachomlinda dereva. Anayetafuta mwendo anaweza kufunga breki hafifu. Anayetafuta umbo jembamba anaweza kumlaza dereva chali kiasi cha kutoiona barabara vizuri. Watengeneza kanuni walilitambua jambo hili, wakaweka mlango ambao gari halipiti mpaka lijieleze.

Katika juma linalotangulia mbio za Australia, kila gari hukaguliwa kwanza likiwa limesimama. Wakaguzi hupima urefu, upana na eneo la paneli. Hufungua sanduku la betri. Hutazama mikanda, taa, honi na fremu inayomkinga dereva gari likipinduka. Kila dereva hupimwa uzito, na asiyefikisha kilo 80 huongezewa mzigo wa kufidia, ili timu isipate faida kwa kumchagua mtu mwembamba. Dereva hutakiwa pia kuthibitisha kwamba anaweza kutoka ndani ya gari mwenyewe, kwa haraka, bila kusaidiwa. Kisha gari hupelekwa katika uwanja wa mbio wa Hidden Valley, hapo Darwin, likathibitishe kwamba linasimama likifungwa breki, linakata kona na halipepesuki. Muda litakaoutumia kuuzunguka uwanja huamua nafasi yake katika mstari wa kuanzia safari. Nchini Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya uwanjani yaitwayo Formula Sun Grand Prix yamekuwa ndiyo njia ya kufuzu: gari lisilokamilisha mizunguko inayotakiwa haliingii barabarani na wenzake.

Naomba msomaji azingatie maana ya mpango huu. Mwanafunzi aliyezoea mtihani wa darasani anajua kwamba jibu lenye nusu ya ukweli hupata nusu ya alama. Breki hazina nusu alama. Profesa anayemfahamu anaweza kumhurumia kwa kuwa aliugua mwezi mzima. Mkaguzi wa Darwin haoni ugonjwa wala juhudi. Anaona nati iliyolegea. Na tarehe haisogei. Pengine hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha ya kijana huyo wa miaka 21 kwa kazi yake kupimwa na mtu asiye na sababu yoyote ya kumpenda wala kumchukia.

Kanuni zenyewe hazikuganda. Mwaka 2005 gari la Nuna 3, la wanafunzi wa Delft nchini Uholanzi, lilivuka Australia kwa wastani wa kilomita 102.75 kwa saa, mwendo uliokaribia kikomo cha kilomita 110 cha barabara za Australia Kusini. Waandalizi wangeweza kuridhika na sifa hizo. Badala yake, kwa mashindano ya 2007 walipunguza eneo la paneli hadi mita za mraba 6 na kumtaka dereva akae wima zaidi. Mwaka 2013 magari ya daraja kuu yalitakiwa yawe na magurudumu manne. Mwaka 2017 paneli za silikoni zilipunguzwa tena hadi mita za mraba 4. Kila wanafunzi walipoumudu mtihani, mtihani uliongezwa ugumu. Sheria hapa haikuwa pingu ya ubunifu. Ilikuwa jiwe la kuunolea.

Jambo la pili linalonivutia ni kumbukumbu. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, na timu inayoshindana leo karibu yote itakuwa mpya katika mashindano yajayo. Hata hivyo, Delft walishinda mara nne mfululizo, 2001, 2003, 2005 na 2007, kisha wakashinda tena 2013, 2015 na 2017. Watu walibadilika, maarifa yakabaki. Haiwezekani kujenga gari jipya kila mara na kushinda namna hiyo kama michoro, vipimo na makosa ya waliotangulia yamo ndani ya vichwa vyao tu. Ukaguzi unasaidia hapa pia, kwa kuwa mkaguzi hudai hesabu na nyaraka, na kilichoandikwa kwa ajili ya mkaguzi humfaa mrithi.

Sisemi kwamba ukaguzi huondoa hatari. Mwaka 2019 timu ya Twente ilikuwa ikiongoza pale upepo mkali ulipoliangusha gari lake nje ya barabara. Delft wakachukua uongozi, na siku ya mwisho, Adelaide ikiwa imekaribia, gari lao likashika moto na kuteketea. Ushindi ukaenda kwa wanafunzi wa Leuven, Ubelgiji. Lakini dereva wa gari lililoungua alitoka salama. Lile zoezi la kuruka nje kwa haraka, ambalo mtazamaji angeweza kulidharau kama mchezo wa watoto, liliwekwa kwa ajili ya siku kama ile.

Afrika haiko nje ya historia hii. Afrika Kusini ilianza mashindano yake mwaka 2008, na vyuo vyake, vikiwemo Tshwane University of Technology na North-West University, vimepambana na Wajapani na Waholanzi katika barabara za nyumbani. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kililiendesha hadharani gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 likazinduliwa basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Kilichonifurahisha zaidi katika habari za Uganda si magari yenyewe. Ni kwamba kazi iliyoanzia chuoni ilikabidhiwa kwa shirika, Kiira Motors, lenye jukumu la kuiendeleza baada ya wanafunzi wa mwanzo kuhitimu.

Kwa upande wetu, nimehudhuria maonyesho mengi ya ubunifu. Utaratibu wake naujua kwa moyo: mgeni rasmi hukata utepe, picha hupigwa, kijana aliyevaa koti jeupe hueleza kifaa chake kwa dakika tatu. Katika onyesho moja nilikuta mashine ya kupendeza imewekewa kibao: "Tafadhali usiguse." Nilimuuliza mwenye kazi ni nani aliyekwisha kuijaribu. Akajibu kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa ameiona." Sikumcheka. Kijana yule hakuwahi kupewa mtu wa kumpima. Alipewa watu wa kumsifu. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hasara huwa ya mnywaji.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, pendekezo langu si kwamba tununue paneli za bei ghali ili tukashindane Australia. Tuchague chombo kinachotufaa, iwe bajaji ya umeme, boti ya wavuvi au pampu ya umwagiliaji. Tutangaze kanuni zake mwaka mmoja kabla. Tuweke wakaguzi wasiotoka katika vyuo vinavyoshindana, tarehe isiyosogezwa kwa sababu ya ratiba ya mgeni rasmi, na sharti kwamba kila timu iache nyaraka zake kwa timu itakayofuata. Ruzuku ya awamu ya pili apewe aliyefuzu, na asiyefuzu apewe orodha ya kasoro zake kwa maandishi, pamoja na nafasi ya kurudi.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Msingoje serikali. Mradi wako wa mwaka wa mwisho ukikamilika, mtafute fundi wa mtaani asiyekujua, umkabidhi, umwambie ajaribu kuuharibu. Uwe na daftari mkononi.