Waliokubali Kuchunguzwa kwa Ajili ya Ugonjwa wa Kusahau

Katika vijiji vilivyo kandokando ya reli, kutoka Kindu hata Kongolo, yeyote aliyezoea kupeleka Komunyo kwa wagonjwa amekwisha kumwona mzee wa namna hii. Jana alitusalimu kwa jina, leo anatuuliza sisi ni watoto wa nani. Anaweka ufunguo ndani ya sufuria, kisha anamshtaki mkwewe kwa wizi. Usiku anatoka nje, anatembea peke yake, anaongea na mumewe aliyekufa zamani. Majirani wakimwona gizani hawasemi, "Huyu ni mgonjwa." Wanasema neno lingine. Hapa kwetu Kibombo tulimjua mama mkongwe aliyewafundisha Katekisimu watoto wa kijiji kizima. Watoto walewale, walipokuwa watu wazima, walimfukuza kwa mawe kwa sababu ya neno hilo. Alilala siku mbili katika shamba la mihogo kabla hatujampata. Alipotuona alituuliza kama kengele ya Misa imekwisha kulia.

Kwa ajili ya mama yule tunaandika habari hizi. Twataka kueleza jinsi ugonjwa huo ulivyojulikana, na zaidi habari za watu waliojitoa wenyewe ili wachunguzwe, maana bila wao waganga wasingejua neno.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la mganga Mjerumani, Alois Alzheimer. Tarehe 25 Novemba 1901 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji wa Frankfurt aliletwa mama mmoja, jina lake Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51. Mganga akamwuliza jina lake, akajibu, "Auguste." Akamwuliza jina la mumewe, akajibu tena, "Auguste." Alionyeshwa kalamu na ufunguo akavitaja sawasawa, na baada ya kitambo kidogo alikuwa amesahau alichoonyeshwa. Mama huyu alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Ubongo wake ukapelekwa Munich, alikokuwa Alzheimer siku zile, naye akautazama kwa darubini. Aliona madoa ya uchafu katikati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizosokotana kama uzi ulioharibika. Tarehe 3 Novemba mwaka uleule aliwaeleza waganga wenzake mjini Tübingen, lakini wachache tu walijali. Mwaka 1910 mkubwa wake, Emil Kraepelin, aliuandika ugonjwa huo katika kitabu chake kwa jina la Alzheimer.

Lakini hakuna aliyemwuliza Auguste kama anakubali kuchunguzwa. Siku zile haikuwa desturi kumwuliza mgonjwa, na hasa mgonjwa wa akili.

Huku kwetu Kongo mambo yalikuwa magumu kuliko hayo. Wazee wetu wanasimulia habari za sindano ya mgongo. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na vita kubwa dhidi ya malale, ugonjwa wa usingizi, ambao nao huingia ubongoni na kuharibu akili. Watu walipangwa mistari, shingo zikapapaswa, damu ikachukuliwa, na wengi walichomwa sindano katika uti wa mgongo ili maji yake yatazamwe. Mtu asiyekuwa na hati ya mganga hakuruhusiwa kusafiri. Dawa ya kwanza, iliyoitwa atoxyl, ilikuwa na sumu ya aseniki, na wengine waliotibiwa nayo walipofuka macho. Si haki kuficha kwamba kazi ile iliokoa watu wengi sana. Wala si haki kuficha kwamba watu hawakuombwa, bali waliamriwa. Tukisikia leo mzee anakimbilia msituni akiona gari la waganga, tusimcheke. Alifundishwa na baba yake.

Dunia ilistuka hasa baada ya vita ya pili, yalipojulikana mambo ambayo waganga wa Hitler waliwatenda wafungwa. Mwaka 1947 mahakimu wa Nuremberg waliandika masharti, na sharti la kwanza ni hili, kwamba mtu akubali mwenyewe kwa hiari yake. Tarehe 14 Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alisema na waganga waliokutanika Roma kwa mkutano juu ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Aliwaambia kwamba elimu ni njema, lakini mganga hana amri juu ya mgonjwa zaidi ya ile anayopewa na mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa naye si mwenye kuutawala mwili wake bila mpaka, maana ameupokea. Mwezi Mei 1956 alisema tena, habari ya viungo vya maiti: kuvitoa kwa ajili ya wagonjwa si kuwavunjia heshima wafu, lakini ridhaa ya wenye maiti itafutwe. Mwaka 1964 chama cha waganga wa dunia kilitoa tamko lake huko Helsinki, nalo ndilo linalofuatwa mpaka leo, ijapokuwa limerekebishwa mara nyingi.

Sasa tufike kwa masista, ambao habari yao inatufurahisha kuliko zote.

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Snowdon, alibisha mlango wa konventi ya Mankato, katika jimbo la Minnesota. Ni nyumba ya Masista wa Shule wa Notre Dame, shirika lililoanzishwa Bavaria mwaka 1833. Kwa nini masista? Sababu yake ni nyepesi. Watu wa dunia hula mbalimbali, hulala mbalimbali, mmoja mlevi, mwingine mvuta tumbaku. Masista walikula meza moja, walifanya kazi moja ya ualimu, walikaa nyumba moja, na karatasi zao zote zilitunzwa tangu siku ya kuingia utawa. Kwa hiyo ni rahisi kuona ni jambo gani limemtofautisha aliyesahau na asiyesahau.

Kwanza aliwaomba wapimwe akili. Baadaye, tangu mwaka 1991, aliwaomba jambo zito zaidi: wapimwe kila mwaka hata kufa, na baada ya kufa watoe bongo zao zitazamwe. Masista walioulizwa walikuwa 1,027, na waliokubali 678, wenye umri wa miaka 75 hata 102. Hesabu hiyo yatupendeza kwa pande zote mbili. Masista 349 hawakuingia katika kazi hiyo, nao walibaki masista wema kama walivyokuwa, maana pasipo ruhusa ya kukataa, kukubali nako si kukubali. Mmoja wa waliokubali alieleza kwamba kwa nadhiri zao hawakuzaa watoto, basi kwa njia hii wangeweza kuwapa uzima watu watakaokuja.

Wakaonekana mambo yasiyotazamiwa. Katika makabati ya konventi kulikuwa na karatasi ambazo masista wengi waliandika walipokuwa wasichana wa miaka 22 hivi, kila mmoja akieleza maisha yake kabla ya kuweka nadhiri. Wataalamu walizisoma na kuhesabu mawazo yaliyomo katika kila sentensi. Walioandika sentensi zenye mawazo machache ndio waliopatwa zaidi na ugonjwa huu, miaka sitini baadaye. Tena, sista mmoja anayeitwa Sista Mary alikufa na miaka 101. Alipopimwa akili kabla ya kufa alijibu vizuri sana. Lakini ubongo wake ulipofunguliwa ulijaa madoa na nyuzi zilezile za Auguste. Ugonjwa ulikuwamo, akili haikuanguka. Jambo lingine: wale waliokuwa na madoa pamoja na alama za mishipa ya damu iliyoziba ubongoni, ndio waliosahau zaidi. Kwa hiyo presha ya damu, ambayo twaidharau, nayo imo katika habari hii.

Katika Chicago kazi kama hiyo ilianza mwaka 1994, nao mapadre na mabruda wakaingia pamoja na masista, zaidi ya watu 1,000.

Labda msomaji atasema: hayo ni ya Wazungu, na wenye konventi za mawe. Basi tuvuke ziwa twende Tanzania. Katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walipimwa katika miaka ya 2009 na 2010. Ilionekana kwamba kwa kila mia walikuwa na ugonjwa wa kusahau sita au zaidi kidogo. Waganga wa Tanzania na wa Uingereza walitambua kosa la vipimo vya Ulaya: vinamtaka mtu aandike na achore, na mkulima asiyeshika kalamu maisha yake yote ataitwa mgonjwa bure. Wakatengeneza maswali sita yasiyohitaji shule. Daraja ni nini? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Leo ni siku gani? Kiongozi wa kijiji ni nani? Kumbuka maneno kumi. Na mwisho, panga njiti za kibiriti kama nilivyozipanga mimi. Baadaye wagonjwa 34 wa Hai waliingia katika jaribio la matibabu bila dawa: walikutana katika vikundi vidogo mara 14 kwa muda wa wiki saba, wakaongea, wakacheza, wakakumbushana mambo. Akili zao zilipata nafuu ya kuonekana.

Na hapa Kongo? Mjini Kinshasa Mkongo mwenzetu, Jean Ikanga, mtaalamu wa akili na ubongo wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani na wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, amewakusanya wazee zaidi ya 300 waliokubali kupimwa kumbukumbu kwa vipimo alivyovitengeneza kwa ajili ya Waafrika. Baadhi yao walitoa pia damu, wakapigwa picha ya kichwa. Faida yake ni kubwa. Dawa iitwayo lecanemab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa muda wa miezi 18. Haiponyi, hupunguza tu mwendo wa ugonjwa. Weusi kati ya watu hao walikuwa wachache mno. Basi mganga atajuaje kama dawa inamfaa mtu wa Maniema, ikiwa mtu wa Maniema hakuhesabiwa kamwe?

Jumapili moja baada ya Misa tuliwakusanya wazee chini ya mwembe, tukawaeleza habari hizi, tukawaonyesha maswali sita ya Hai, si kwa kuwapima, maana sisi si waganga. Baba mmoja alipoulizwa daraja ni nini alikasirika, akataka kujua kwanza ni la mto gani. Wengine walicheka na njiti za kibiriti. Lakini mama mmoja aliyekaa kimya alituuliza, "Wakija kuchukua damu yetu, watarudi kutuambia walichoona?" Tulimjibu kwamba tamko la Helsinki linawataka wampe aliyejitoa nafasi ya kuambiwa yaliyoonekana. Akafikiri kidogo.

"Basi, mwalimu, andika jina langu. Lakini liandike sasa, ningali nalikumbuka."

Hatukuwa na daftari la kazi hiyo. Tuliliandika nyuma ya orodha ya wagonjwa wa Komunyo.