Sikio Hufunzwa

Katika barabara ya Kenyatta, Shangani, ipo nyumba ambayo tangu mwaka 2019 imekuwa makumbusho ya Freddie Mercury. Wageni hupiga picha mlangoni, wakaingia, wakatoka. Jina hilo halina mgeni tena Mji Mkongwe. Hata mtoto wa chuoni hulijua. Nyimbo zenyewe, ukiacha mbili tatu zinazoimbwa viwanjani, ni habari nyingine. Mji umempokea mwanawe kwa jina, lakini haujampa sikio.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Maparsi wenye asili ya Gujarat, na baba alifanya kazi katika serikali ya Kiingereza. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, karibu na Bombay. Huko alijifunza piano na akapiga katika bendi ya wanafunzi. Alirejea nyumbani mwaka 1963. Mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, na familia ikahamia Uingereza. Kundi la Queen liliundwa London mwaka 1970. Kwa hiyo, muziki uliompa sifa ulitungwa baada ya kamba ya nanga kukatika, na haukupata nafasi ya kukua pamoja na masikio ya watu wa kwao.

Wala si muziki mwepesi. Albamu ya pili ya kundi hilo, Queen II, ilitoka mwezi wa Machi 1974. Sahani yake haikuandikwa upande wa kwanza na wa pili, bali upande mweupe na upande mweusi. Na nyimbo zote sita za upande mweusi ni utungo wa Mercury. Mmoja ameutunga kutokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 19, uliojaa viumbe vidogo vya hadithini. Mwingine una zaidi ya dakika sita, na ndani yake mwendo hubadilika mara kwa mara: piano ya peke yake, ngurumo ya magitaa, kisha sauti nyingi zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Wimbo mmoja humwagikia katika mwingine bila kituo. Anayesikia mara ya kwanza huona vurugu, kama mtu aliyeingia ngomani usiku wa manane asijue imeanzia wapi.

Novemba 1975 ikafuata A Night at the Opera, albamu ya takriban dakika 43. Ndani yake umo Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio. Huanza kwa sauti tupu, ukapita katika huzuni, ukaingia kwenye mabishano ya kiopera, ukalipuka kwa roki, kisha ukatulia. Katika mabishano hayo limo neno bismillahi. Msikilizaji wa London hulipokea kama kikolezo cha mbali. Wa Unguja hushtuka, kwani ni neno la kila mlo na kila safari. Kwaya ile kubwa, kwa hakika, ni ya watu watatu tu: Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao mara nyingi juu ya utepe uleule.

Yupo atakayesema: asiyejua maana haambiwi maana, na muziki huu si wetu. Historia ya Unguja inajibu vingine. Taarab yenyewe ilikuja kama kitu kigumu. Masimulizi mashuhuri yanasema Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na kwa miaka mingi kikaimba Kiarabu mbele ya wengi ambao maneno hawakuyafahamu. Walikaa, wakasikiliza, wakarudi tena. Sikio lilitangulia kujua kabla ya akili.

Ndipo alipokuja Siti binti Saad wa Fumba, akaiimba taarab kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi. Upande mmoja wa sahani za santuri za wakati ule ulibeba dakika kama tatu tu, na wimbo ambao barazani ungechukua muda mrefu ulibidi ukatwe ukae humo. Hata hivyo nyumbani watu hawakupoteza subira ya kusikiliza kirefu. Waliomsikiliza Umm Kulthum kutoka Cairo walijua kwamba wimbo mmoja unaweza kumaliza saa nzima. Na hadi leo, katika usiku wa taarab asilia, hutangulia bashraf, ala tupu bila neno, na ukumbi hungoja.

Subira hiyo ndiyo inayotakiwa kwa upande mweusi wa Queen II. Mpenzi wa mashairi hana haja ya kufundishwa jambo hili. Utenzi wa beti mia haupimwi kwa ubeti mmoja, wala diwani haihukumiwi kwa shairi lililofunguliwa kwa bahati. Mara ya kwanza husikika kelele. Mara ya tatu sikio hutambua kwamba sauti iliyopita mwanzoni imerejea katika vazi jingine. Mara ya sita huanza kungoja kila badiliko kama mtu angojavyo kina cha mwisho. Hili halimlazimishi mtu kuupenda muziki huo. Linamwezesha tu kuukataa akiwa ameusikia.

Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Unguja kwa kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilivunjwa baada ya kupingwa kwa sababu za dini. Ubishi wote ulihusu mwenendo wa mtu. Nyimbo hazikuitwa kutoa ushahidi. Waliomtetea walitaja umaarufu na watalii, waliompinga wakataja maadili, na sahani zikabaki kimya baina yao. Mji uliongoja bashraf kwa zaidi ya miaka mia moja haukosi dakika 43 kwa ajili ya mwanawe.