Laki imeachiwa soko, sensa imebaki na utata

Sensa ya Agosti 2019 iliipa Kaunti ya Embu watu 608,599. Hebu itamke namba hiyo kwa sauti, msomaji. Wengi watasema "elfu mia sita na nane, mia tano tisini na tisa". Haya, sasa mtangazaji wa redio akikadiria na kuishia kwenye "elfu mia sita na nane" tu, amesema 608,000 au 600,008? Tofauti ni watu 7,992, na wote wamemezwa na kile kiunganishi "na". Elfu ikitangulia, msikilizaji hajui nane inahesabu maelfu au inahesabu mtu mmoja mmoja.

Utata huu una historia. Kimeru na Kiembu huita tisa kenda, kumi huitwa ikumi, na mia ni igana. Kiswahili nacho kilikuwa na kenda hiyo hiyo kabla ya tisa ya Kiarabu kuisukuma kando. Washairi wangali wanaikumbuka. Sita, saba, mia na elfu vilevile ni za Kiarabu. Milioni ilizaliwa Italia, ambako maana yake ilikuwa "elfu kubwa". Pengo kati ya elfu na milioni lilizibwa na neno la Kihindi, laki, lililovuka bahari pamoja na biashara. Kumbuka hata rupia ya Kihindi ilikuwa pesa yetu hadi 1920.

Kwa wazee wengi wa kuzunguka Mlima Kenya, kuhesabu watoto au mifugo kulikuwa kujitafutia mkosi. Serikali haikujali mwiko huo. Tangu sensa ya 1948 imekuwa ikibisha hodi, na namba kubwa zikawa za watu.

Namba hizo zina tabia zake pia, na Kiswahili kina majina ya tabia hizo, ingawa mwanafunzi wa Meru, anayefunzwa hisabati kwa Kiingereza, huenda hajawahi kuyasikia. Inayogawika kwa mbili ni shufwa, isiyogawika ni witiri. Waislamu wanalijua neno hili la pili kutokana na swala ya usiku. Isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe ni tasa. Meru ilipata watu 1,545,714. Hiyo ni shufwa, na kwa kuwa tarakimu zake zikijumlishwa ni 27, inagawika kwa 9 pia. Ya Embu ni witiri, tena ya hila. Ijaribu kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13: inakataa. Utaapa ni tasa. Kumbe ni 53 mara 11,483, na hizo mbili ndizo tasa kwelikweli. Katika hisabati, matasa wawili huzaa.

Tukirudi kwenye laki: nenda Maua au Runyenjes uulize bei ya shamba. Utaambiwa "laki sita na elfu nane" na hakuna atakayekosea hata shilingi. Ajabu ni kwamba tukishika ripoti rasmi tunaliona neno hilo kama la sokoni, ilhali kamusi zetu zinalitambua. Mimi naona ripoti ndiyo inayolihitaji zaidi. Meru basi isomwe hivi: milioni moja, laki tano, elfu arobaini na tano, mia saba na kumi na nne.