Jina Katika Cheti

Mtu hupewa jina kabla hajajua kusema, na hulichukua mpaka kaburini. Kwa jina huitwa mezani, huitwa kazini, na huitwa mbele ya hakimu. Wahenga walisema kwamba jina jema hung'aa gizani. Hawakusema neno juu ya mtu ambaye jina aliloandikiwa silo analojijua nalo, kwa kuwa katika siku zao majina yalikaa midomoni mwa watu, wala hayakukaa katika karatasi. Katika insha hii nataka kueleza jinsi karatasi zilivyoingia katika nchi yetu ya Kenya, jinsi zilivyopata nguvu ya kumfungulia mtu mlango au kuufunga, na jinsi mtu mmoja aliyefaulu mtihani alivyolazimika kwenda mahakamani ili cheti chake kiwe chake kweli.

Yafaa habari hii ianzie Chepkoilel. Mahali hapa pako karibu kilomita 9 kutoka mji wa Eldoret, katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, penye upepo wa baridi na mashamba ya mahindi na ngano. Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walianzisha hapa mahali pa kuwafundisha wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakageuzwa kuwa chuo cha walimu wa sayansi. Mwaka 1990 pakawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, likaitwa Chepkoilel. Mwaka 2010 tawi likapandishwa cheo kuwa chuo kishiriki. Na mwaka 2013 pakawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Basi mahali pamoja pamebadili jina mara nne katika muda ulio mfupi kuliko umri wa mzee mmoja. Hapana aliyesema kwamba ardhi imewadanganya watu, wala hapana aliyesema kwamba elimu waliyoipata walimu wa mwaka 1984 imekuwa batili kwa kuwa kibao cha langoni kimepakwa rangi mpya.

Jina la mahali hubadilika, nasi twazoea. Lakini jina la mtu likitaka kubadilika, hasa likitaka kuvuka kutoka upande wa wanaume kwenda upande wa wanawake, au kutoka upande wa wanawake kwenda upande wa wanaume, watu hushtuka. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni geni kabisa, limeletwa na meli au ndege. Hapana budi tuitazame historia kabla ya kukata shauri.

Wanandi, ambao ni wenyeji wa nchi hizi, walikuwa na desturi ambayo wazee wengi waijua hata leo. Mwanamke mtu mzima asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari ya ng'ombe akamwoa mwanamke mwingine. Watoto waliozaliwa na mke huyo waliitwa watoto wake, na wavulana wakarithi mali ya nyumba yake. Tangu siku ya ndoa hiyo mwoaji alihesabiwa kuwa mume, na watu walisema kwamba sasa yeye ni mwanamume. Mwanazuoni Regina Smith Oboler, aliyekaa kwa Wanandi katika miaka ya 1970, alichapa makala juu ya desturi hiyo mwaka 1980. Alieleza kwamba kuhesabiwa huko kulikuwa na nguvu zaidi katika mambo ya mali na urithi kuliko katika maisha ya kila siku. Mwaka 2011 Mahakama Kuu huko Mombasa iliikubali desturi hiyo katika kesi ya urithi.

Msomaji asifikiri kwamba wazee wote walikuwa wapole. Kwa Wapokot, walio kaskazini ya Uasin Gishu, mtu aliyezaliwa na mwili usiojulikana vema kuwa wa kiume au wa kike aliitwa sererr. Mwanazuoni wa Marekani, Robert Edgerton, aliandika habari zao mwaka 1964. Baadhi ya watoto hao waliuawa walipozaliwa. Waliopona hawakutahiriwa, na kwa hiyo hawakuweza kuingia katika utu uzima wa wanaume wala wa wanawake. Waliishi kando, wakifanya kazi kwa bidii ili wapate heshima kwa mali.

Desturi hizi mbili si jambo moja, wala si sawasawa na mambo tutakayoyataja mbele. Nimezileta ili kuonyesha kitu kimoja tu: kwamba tangu zamani jamii zetu zilikutana na watu wasiotosha katika mafungu mawili, na kila jamii ilifanya shauri lake. Mahali pengine shauri lilikuwa jema, na mahali pengine lilikuwa la kikatili. Basi haifai mtu kusema kwamba Mwafrika hajawahi kulifikiri jambo hili.

Kisha ikaja karatasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilianza kutumia sheria iliyotungwa mwaka 1915, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi akalazimishwa kuchukua kipande. Kipande kilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za kazi yake, nacho kilitiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mtu asiyekuwa nacho alikamatwa. Hapo ndipo watu wetu walipojifunza kwamba karatasi yaweza kuwa na nguvu kuliko mwenyewe aliyeandikwa. Kipande kimekwisha, lakini somo lake halikwisha. Siku hizi mtu ana cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha shule na leseni. Na karatasi hizo zisipopatana, mwenye nazo hutiwa shaka kama mwizi.

Sasa na tueleze watu tunaowasema. Wako watu ambao walipozaliwa waliandikwa wanaume, lakini tangu utoto hujijua katika nafsi zao kuwa wanawake. Na wengine walioandikwa wanawake hujijua kuwa wanaume. Siku hizi huitwa transijenda. Hao ni mbali na huntha, ambao miili yao yenyewe ilizaliwa na dalili za jinsia zote mbili. Tena ni vizuri kukumbuka kwamba lugha yetu ya Kiswahili haimsumbui yeyote kati yao. Twasema "amekuja", wala msikiaji hajui kama aliyekuja ni mume au mke mpaka aambiwe. Ngeli yetu ya kwanza yamtia kila binadamu mahali pamoja, ikamwita mtu.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kumaliza shule ya sekondari mwaka 2001 katika shule ya Kiambu, akapata alama ya A-. Kila mwanafunzi asomaye maneno haya ajua ugumu wa kupata alama hiyo. Akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Maseno. Lakini cheti chake kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, naye aliishi kama mwanamke, na jina lake alikuwa amelibadili kwa njia ya sheria. Fikiri, ee msomaji, mtu wa namna hiyo aendapo kutafuta kazi. Mwajiri autazama uso, kisha aitazama karatasi, kisha auliza cheti hiki ni cha nani. Miaka yote ya kukesha kwa taa yaweza kupotea kwa swali hilo moja.

Audrey aliliomba Baraza la Kitaifa la Mitihani limbadilishie jina katika cheti. Baraza halikukubali. Akaenda Mahakama Kuu, Nairobi, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akatoa hukumu. Aliliamuru Baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisichokuwa na alama ya jinsia. Katika kupima neno lake jaji alizitazama kanuni za Baraza lenyewe, akaona kwamba hazikulazimisha cheti kiwe na alama ya jinsia, na kwamba kuiondoa alama hiyo hakupunguzi ubora wa cheti. Hukumu hiyo ilikuwa rahisi kwa sura lakini nzito kwa maana. Cheti cha mtihani ni ushahidi wa kazi ya akili. Chasema kwamba mtu huyu alijua hesabu kiasi hiki na sayansi kiasi hiki. Akili iliyofanya hesabu mwaka 2001 ndiyo iliyosimama mbele ya jaji mwaka 2014.

Mwaka huo wa 2014 ulikuwa na mambo mengi ya namna hii. Mwezi wa Aprili Mahakama ya Juu ya India iliwatambua transijenda kuwa wenye haki zote za raia. Mwezi wa Julai Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru kwamba chama cha kuwatetea transijenda kiandikishwe kama vyama vingine. Na mwezi wa Desemba ikatolewa hukumu katika kesi ya mtoto huntha, aliyezaliwa mwaka 2009 katika hospitali ya taifa mjini Nairobi. Mahali pa kuandika jinsia yake, katika karatasi za hospitali, palitiwa alama ya kuuliza. Binadamu kamili aliingia ulimwenguni akiwa ameandikwa kama swali! Kutokana na kesi hiyo serikali iliunda jopo la kuchunguza habari za huntha mwaka 2017. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto huntha kuwa wastahiki ulinzi.

Baada ya miaka michache jambo likafika Eldoret penyewe. Mwaka 2019 mtu mmoja transijenda, ajijuaye kuwa mwanamke, alikamatwa katika mji huo na kushtakiwa kwamba amejifanya asiye. Akapelekwa katika gereza la wanawake, na huko akavuliwa nguo na mwili wake ukachunguzwa bila ya ridhaa yake. Kesi ikakaa muda mrefu. Mwezi wa Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret aliamua kwamba heshima ya utu wake na siri ya mwili wake zilikuwa zimevunjwa. Akaamuru alipwe fidia ya shilingi 1,000,000, na akaitaka serikali ilete sheria ya kuwalinda watu wa hali hiyo, ama iongeze ulinzi huo katika mswada wa huntha wa mwaka 2024. Kutoka mahakama hiyo mpaka Chepkoilel, ambako walimu wengi wamefunzwa, ni safari ya dakika chache kwa matatu.

Wako wazazi, viongozi wa dini na walimu wasemao kwamba kufanya hivi ni kuyavunja maumbile, na kwamba shule ikikubali jambo moja haitajua pa kusimama. Hofu yao haifai kuchekwa, kwa maana wengi husema kwa kuwapenda watoto wao. Lakini tutenganishe maswali mawili. Swali la kwanza ni la imani, na kila nyumba italijibu kwa dini yake. Swali la pili ni la shule: je, mtoto huyu atasoma kwa amani, au atafukuzwa na kicheko? Mwalimu hakuwekwa darasani kulijibu swali la kwanza. Swali la pili ndilo atakaloulizwa.

Na jibu lake limekwisha kuandikwa. Katiba ya mwaka 2010 yasema katika Ibara ya 28 kwamba kila mtu ana heshima ya utu. Ibara ya 31 yalinda siri zake. Na Ibara ya 53 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi na kinga ya kutotendwa vibaya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumpiga mwanafunzi, na yakataza pia kumtesa moyo. Haikusema "isipokuwa yule msiyemwelewa."

Sisi tuwafundishao walimu yatupasa kuwaonya mapema. Mwanafunzi akimwendea mwalimu kwa siri na kumweleza hali yake, siri hiyo si ya kupelekwa katika chumba cha walimu pamoja na chai. Akiwa hana amani bwenini au msalani, atafutiwe mahali pa staha bila ya kutangazwa mbele ya shule yote. Sare ikiwa ndiyo mateso yake, mkuu wa shule aketi naye pamoja na mzazi, watafute njia. Na mwalimu ambaye yeye mwenyewe ni transijenda apimwe kwa kazi yake, yaani maandalio ya masomo, utaratibu wa darasa, na matokeo ya wanafunzi wake. Asipimwe kwa uvumi wa sokoni.

Nanyi vijana mna sehemu yenu, tena ni kubwa, kwa kuwa mateso mengi ya shule hayafanywi na walimu bali hufanywa na wenzi wakati mwalimu hayupo. Jina la utani laweza kumtoa mtu shuleni upesi kuliko ukosefu wa karo. Mwenzio akikuomba umwite kwa jina fulani, hakuombi shilingi wala daftari. Akikuambia siri yake, amekupa amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe jinsi ilivyotolewa. Wenzako wakimcheka, usicheke nao. Na ukiwa na ujasiri, sema neno. Mtihani ukifika, keti naye mfanye hesabu pamoja, ili siku ya kupokea vyeti kila mmoja wenu asome jina lake katika cheti chake na kulitambua.