Mathari na Watu Waliotoka Kwao

Ukisimama Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale, asubuhi ambayo mawingu hayajapanda, utauona Mlima Elgon upande wa magharibi. Watu wakaao katika nchi hii ya mahindi wametoka mahali pengi: wengine wazee wao walitoka Bungoma, wengine Pokot, wengine Turkana, wengine nchi ya Wakikuyu. Vitabu vinatueleza habari za mavuno, na za reli iliyofika Kitale mwaka 1926. Habari moja huachwa, nayo ni hii: watu hao waliohama walipougua akili, ni nani aliyewatunza, naye aliwaonaje?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwagawia walowezi mashamba ya Trans-Nzoia, na wengi wao walikuwa askari wa zamani. Mwafrika aliyetaka kukaa humo na ng'ombe wake alipaswa kuwa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Alikaa mbali na makaburi ya wazee wake, na mbali na jamaa ambao kwa desturi wangemzunguka siku ya msiba. Akirukwa na akili kijijini kwao, ndugu humshika, humficha, humtafutia mganga. Akirukwa na akili kambini mwa wafanya kazi, huitwa polisi. Ndipo huanza safari ya kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita karibu 380, hata hospitali ya Mathari.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wendawazimu, ikapewa jina lake hilo mwaka 1924. Wagonjwa walitengwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1938 ilikabidhiwa Daktari J. C. Carothers, ambaye hapo kwanza hakuwa amesomea hasa maradhi ya akili. Lakini alikuwa mtu wa bidii, akaandika aliyoyaona. Katika uchunguzi alioutoa mwaka 1947 alionyesha jambo zito: miongoni mwa Waafrika, waliofanya kazi mbali na kwao waliletwa hospitalini kwa wingi zaidi, kwa kulinganisha na idadi yao, kuliko waliokaa nyumbani. (Ni kweli pia kwamba mgonjwa aliyefichwa na ndugu zake hakuingia katika hesabu ya daktari.)

Tazama, msomaji, jinsi mtu huyu alivyokaribia! Alikuwa na jambo lenyewe mkononi. Lakini badala ya kuuliza watu hao wamepotewa na nini, aliuliza Mwafrika amepungukiwa na nini. Kitabu chake cha mwaka 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kilidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1961, na sayansi imekwisha kuyatupa madai hayo. Hata hivyo kwa miaka mingi kitabu hicho kilihesabiwa kuwa elimu, na wagonjwa walitunzwa chini ya kivuli chake.

Katika miaka hiyo hiyo ya Carothers aliletwa Mathari mtu wa Bungoma, Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliyekuwa zamani mchezaji mashuhuri wa mpira. Huyu ndiye kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyehubiri kwamba Wazungu waondoke katika nchi, nao wafuasi wake walikuwa pia katika mashamba ya Trans-Nzoia. Mwaka 1945 aliwekwa Mathari, akakaa hata 1947. Mimi si daktari, wala sitaki kumpima Masinde baada ya kufa kwake. Ninachosema ni kwamba malalamiko juu ya ardhi na ugonjwa wa akili viliingizwa katika faili moja, na ni vigumu daktari kumtibu mtu ambaye serikali inataka anyamaze. Mwaka 1948 dini yake ilipigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Hivyo aliyelalamikia kuondolewa kwa watu wake akaondolewa yeye mwenyewe.

Ardhi ilileta msiba mwingine kwenye mlima huo huo baada ya Uhuru. Kutoka 2006 hata 2008, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk uligeuka kuwa vita. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine wakishukia Bungoma na Trans-Nzoia, wengine wakivuka kwenda Uganda. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale nao ulijaa waliofukuzwa makwao. Walipewa unga, mahema na mablanketi, na hayo yalihitajiwa sana. Lakini mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa hushtuka usiku hata akiwa ameshiba. Chama cha Mwatikho cha Bungoma, kinachowasaidia watu walioteswa, ni miongoni mwa wachache waliokaa kuyasikiliza mambo hayo.

Namna ya kusikiliza ilikuwa imekwisha kujaribiwa huko Uganda, katika makao ya wakimbizi ya Nakivale. Wataalamu kutoka Ujerumani, Frank Neuner na wenzake, waliwachagua wakimbizi wenyewe, wasio madaktari, wakawafundisha kwa majuma machache kuwa washauri. Wagonjwa walikuwa 277, Wanyarwanda na Wasomali. Katika njia mojawapo mgonjwa alisimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mambo ya furaha na ya kutisha kwa mfuatano wake. Mshauri aliandika, kisha siku nyingine akamsomea, naye mgonjwa akasahihisha na kuongeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya waliohudumiwa, karibu saba katika kila kumi hawakuonekana tena na ugonjwa ule wa hofu. Kati ya waliongojea tu bila kuhudumiwa, hawakufika wanne. Na maisha yalipokwisha kuandikwa, mgonjwa alipewa karatasi zake azichukue.