Mwili Hauzoei Kelele: Ndege za Usiku na Afya ya Wakazi wa Jirani na Viwanja

Ikisiri

Makala hii inapinga dai kwamba wakazi wa jirani na viwanja vya ndege huzoea kelele na hivyo hawadhuriki. Ushahidi kutoka Ulaya unaonesha kuwa moyo na mishipa ya damu huendelea kuathirika hata baada ya mtu kuacha kulalamika. Kwa hiyo, saa za usingizi zinastahili kulindwa kwa sheria, hasa katika miji ambayo nyumba zake haziwezi kuzuia sauti.

Utangulizi

Kila mjadala wa kelele za ndege unapoibuka, jibu moja huja haraka: wakazi wameshazoea. Jibu hili lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linapotosha. Aliyeishi miaka mingi chini ya njia ya ndege haangalii tena juu ndege ipitapo. Hunyamaza kidogo katikati ya mazungumzo, kisha huendelea. Usiku haamki. Wapangaji wa miji huuchukua utulivu huo kuwa uthibitisho wa usalama, ilhali ukimya wa mkazi hauelezi chochote kuhusu shinikizo la damu yake.

Kinachotokea usingizini

Mtu anapolala, ubongo wake huendelea kupokea sauti na kuzipima kama zina hatari. Ndege ipitapo juu ya paa, mwili hujiandaa kwa tishio bila mwenyewe kujua: adrenalini na kotisoli huongezeka katika damu, moyo huenda mbio na mishipa hubana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watu 140 waliolala majumbani mwao karibu na viwanja vinne vya Ulaya. Katika vipindi ambavyo ndege ilipita, shinikizo la damu lilipanda kwa wastani wa milimita 6.2 za zebaki, hata kwa wale ambao hawakuamka.

Mwaka 2013 watafiti wa Mainz, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi. Waliwapigia vijana 75 wenye afya njema sauti zilizorekodiwa za ndege wakiwa wamelala nyumbani, kisha wakapima uwezo wa mishipa yao kutanuka. Uwezo huo ulipungua baada ya usiku wenye ndege 30, na ukapungua zaidi baada ya usiku wenye ndege 60. Waliotangulia kusikia ndege 30 walidhurika zaidi walipofikia usiku wa ndege 60. Kama mazoea yangekuwa kinga, matokeo yangekuwa kinyume chake.

Ushahidi kutoka kwa jamii

Mradi wa HYENA uliwachunguza watu 4,861 wenye umri wa miaka 45 hadi 70, walioishi angalau miaka mitano karibu na viwanja sita vya Ulaya, vikiwemo Heathrow, Schiphol na Arlanda. Kila desibeli 10 za ziada za kelele za ndege usiku ziliambatana na ongezeko la takriban asilimia 14 la uwezekano wa kuwa na shinikizo la juu la damu. Mwaka 2013 utafiti uliohusu wakazi milioni 3.6 kuzunguka Heathrow ulionesha kuwa maeneo yenye kelele nyingi zaidi yalikuwa na hatari kubwa zaidi ya watu kulazwa hospitalini kwa kiharusi na maradhi ya moyo.

Mkosoaji makini atauliza kama chanzo si umaskini, moshi wa magari au uvutaji wa sigara. Swali ni halali, na watafiti walijitahidi kutenganisha athari hizo kadiri takwimu zao zilivyowaruhusu. Hata hivyo, jibu lenye nguvu zaidi lilitoka Munich, ingawa lilihusu akili za watoto badala ya moyo. Mei 1992 uwanja wa zamani wa Riem ulifungwa na safari zikahamia uwanja mpya kwa usiku mmoja. Watafiti walikuwa wamewapima watoto wa pande zote mbili kabla ya uhamisho, wakawapima tena baadaye. Karibu na Riem, kumbukumbu ya muda mrefu na uwezo wa kusoma viliimarika. Karibu na uwanja mpya vilidhoofika. Kelele zilipohama, madhara yalihama nazo.

Sheria na mizani ya maslahi

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa kanda ya Ulaya, kelele za ndege usiku zisizidi wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba. Lakini afya hushindana na uchumi. Katika kesi ya Hatton dhidi ya Uingereza, mwaka 2003, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kwamba ndege za usiku za Heathrow zilivunja haki ya walalamikaji ya maisha ya nyumbani. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba wangeweza kuhama bila kupata hasara. Frankfurt ilifuata njia nyingine: tangu mwaka 2011 safari zilizopangwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri zimepigwa marufuku, na uwanja huo bado ni miongoni mwa vikubwa barani Ulaya.

Hoja ya kuhama haina uzito kwetu. Kipawa, jirani na Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, ni mfano mzuri: wakazi walihamishwa kupisha upanuzi. Kisheria, anayehamishwa hulipwa ardhi, nyumba na posho ya usumbufu. Anayebaki ng'ambo ya uzio halipwi chochote kwa usingizi anaoupoteza. Dawa ya Ulaya ya vioo viwili vya dirisha nayo haitufai, kwa sababu nyumba nyingi za Pwani zina paa la bati na madirisha yanayoachwa wazi kwa ajili ya joto. Kelele za nje huingia ndani kwa urahisi. Tena, safari nyingi za kutoka Nairobi na Dar es Salaam kwenda Ulaya huondoka usiku.

Hitimisho

Nyumba isipoweza kuzuia sauti, zinabaki njia mbili: kudhibiti saa za ndege na kudhibiti matumizi ya ardhi kabla ya makazi kusogea. Mamlaka za viwanja zipime kelele za usiku mitaani na kutangaza matokeo. Halmashauri zikatae vibali vya shule na hospitali chini ya njia za kurukia na kutua. Tathmini ya mazingira ya kila upanuzi ipime pia shinikizo la damu la wakazi, kabla na baada ya ujenzi. Wakati umefika kwa serikali zetu kuacha kuuliza kama wananchi wamezoea, na kuanza kuwapima.