Hema ufuoni: Mwongozo wa safari ya wanandoa kutoka Nyaramba hadi Pwani ya kusini

MKULIMA wa majani chai wa Nyaramba, Kaunti ya Nyamira, huamkia ukungu na baridi ya nyanda za juu. Mwendo wa siku mbili kwa gari humfikisha mahali ambapo blanketi ni mzigo na usingizi huja na mvumo wa mawimbi. Mahali hapo ni pwani ya kusini, ukanda unaoanzia Likoni hadi Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Wanandoa wengi hudhani kwamba likizo ya Pwani ni ya wenye uwezo wa kulipia hoteli. Hata hivyo, hema, mkeka, meko ndogo ya gesi na chandarua hutosha kwa safari ya juma moja, mradi matayarisho yafanywe mapema.

NJIA

Kutoka Nyamira, msafiri hupitia Sotik, Bomet na Narok, ama Kericho na Nakuru, hadi Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Barabara hiyo ina malori mengi na hukata katikati ya mbuga za Tsavo, hivyo ni busara kulala njiani, mathalani Voi, badala ya kuendesha gari usiku.

Ili kuingia kusini, kuna feri ya Likoni na barabara ya Dongo Kundu yenye madaraja ya Mwache na Mteza, ambayo humwezesha dereva kuepuka kisiwa cha Mombasa. Anayetumia feri azime injini, avute breki ya mkono na kutii maagizo ya wahudumu. Vivuko vya eneo hili vina historia ya majonzi. Aprili 29, 1994, watu 272 walifariki feri ya Mtongwe ilipozama, na Septemba 29, 2019, mama na binti yake walifariki gari lao lilipotumbukia baharini kutoka kwa feri ya Likoni.

VITUO

Kituo cha kwanza ni Tiwi, ufuo mtulivu ambao kwa miaka mingi umependwa na wasafiri wa mahema. Mto Mwachema unapokutana na bahari, upande wa Diani, upo msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuzungukwa na mibuyu.

Diani yenyewe ina pilkapilka za hoteli, lakini mbega wake hawana mfano. Kamba maalum zimetundikwa juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari.

Karibu na hapo kuna Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2008 kuwa turathi ya dunia. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, hatakiwi kuondoka na chochote, hata jani, na wapenzi hukatazwa kupigana busu humo.

Gazi ni kijiji cha wavuvi chenye mikoko mingi. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka wa 2013, huwapa wenyeji mapato kwa kuhifadhi mikoko hiyo inayofyonza hewa ya kaboni.

Mbele zaidi ni Shimoni, palipopewa jina kutokana na mapango yanayohusishwa na historia ya biashara ya watumwa. Mashua huondokea hapa kwenda Kisiwa cha Wasini, kisicho na magari, na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti yenye pomboo na matumbawe.

Anayetaka kulala penye ubaridi kiasi anaweza kupanda Shimba Hills, hifadhi iliyotengwa mwaka wa 1968. Humo mna maeneo ya kupiga kambi yanayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ndiko makao ya palahala nchini Kenya.

BAHARI NA HEMA

Kosa la kawaida la mgeni kutoka bara ni kudhani kwamba bahari hutulia mahali pamoja kama ziwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu.

Kwa hivyo, hema lisimamishwe juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji. Aidha, lisiwekwe chini ya mnazi, kwani nazi inayoanguka inaweza kuua. Anayetembea hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa avae viatu na arejee mapema, kabla maji hayajamkatia njia. Mvuvi wa hapo ndiye kalenda bora, na aulizwe kila asubuhi.

Miezi ya Aprili na Mei huwa na mvua nyingi, na upepo wa kusi huchafua bahari hadi karibu Septemba. Oktoba, msimu ambao wakulima wengi wa majani chai hupokea bonasi, bahari huanza kutulia, ingawa mvua za vuli huweza kunyesha. Kipindi cha kaskazi, hasa Januari na Februari, ndicho kikavu zaidi.

HESHIMA

Vijiji vingi ni vya Waislamu. Mavazi ya kuogelea yabaki ufuoni, na leso au kikoi kivaliwe mtu anapoingia kijijini. Ufuo unaoonekana kuwa mtupu una wenyewe: wasafiri wapige hodi kwa wazee au viongozi wa wavuvi kabla ya kusimamisha hema. Idhini hiyo ndiyo pia ulinzi wao wa usiku.

AFYA

Hatari kubwa zaidi huenda ikawa mbu. Wakazi wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira hawana kinga ya mwili dhidi ya malaria kama waliyo nayo watu wazima wa maeneo yenye ugonjwa huo mwaka mzima. Wanandoa wamwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, hasa mke akiwa mjamzito, na walale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa.

Malaria huweza kujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati msafiri amekwisha kurejea shambani kwake. Akipata homa Nyaramba, asiidhanie kuwa uchovu wa safari. Aende hospitalini siku iyo hiyo, apimwe, na amweleze daktari kwamba ametoka Pwani.